Usiku, Joto la Mwili Hupita Wapi?

Mtu aliyelala hajazimika. Moyo unapiga, mapafu yanajaa na kutoa, ini na ubongo vinaendelea na shughuli, na kazi zote hizo huzalisha joto. Kwa mtu mzima ni kama wati 75, sawa na balbu ya zamani ile ya waya. Wakilala wawili, joto huwa maradufu, na bado hujamhesabu mtoto aliyejibanza katikati. Joto hilo halina budi kutoka muda wote. Zaidi ya hapo, ili usingizi uje, mwili hupunguza joto lake la ndani, nalo hushuka kama nyuzi 1 kati ya jioni na alfajiri. Damu hupelekwa kwa wingi kwenye ngozi ya mikono na miguu ili ikapoe huko. Mshike mtoto anayeanza kusinzia, utakuta viganja na nyayo zake ni za moto.

Basi kabla ya kuuliza chumba cha kulala kipangwe vipi kipendeze, tuulize kwanza joto hilo litapita wapi. Nachukua chumba kimoja cha kupanga jijini Dar es Salaam, mwezi Februari. Kuta ni za tofali za saruji, juu ni bati, dirisha ni moja, lina nondo na wavu wa mbu. Ngozi ya binadamu ina nyuzi kama 34. Hewa ya ndani usiku ikiwa nyuzi 29 au 30, tofauti ni ndogo, na joto huenda polepole pale tofauti inapokuwa ndogo. Kinachobaki kutuokoa ni jasho. Gramu 1 ya jasho ikikauka huondoka na juli 2,400 hivi. Piga hesabu: gramu 110 kwa saa, yaani kama nusu glasi, zingetosha kubeba joto lote la mwili uliolala. Lakini jasho sharti likauke. Likitiririka tu hadi kwenye shuka, halijatusaidia kitu. Ili likauke linataka hewa isiyoshiba maji, na hewa inayotembea.

Sasa tazama chumba chenyewe. Nyuma ya mlango kuna misumari, na kila msumari umebeba suruali, gauni, khanga, taulo lililotoka kuogewa. Pamba hunywa maji na kuyatoa taratibu, kwa hiyo taulo moja bichi huongeza unyevu hewani usiku kucha, na kila unyevu unaoongezeka huchelewesha jasho kukauka. Taulo lianikwe nje au uani, hata kama ni saa nne usiku.

Nguo hizo zina wapangaji wengine. Mbu aina ya Anopheles funestus akishanyonya damu huwa mzito, hutafuta mahali tulivu ndani ya nyumba apumzike aisage, na mikunjo ya nguo zinazoning'inia humfaa sana. Aedes aegypti, aenezaye homa ya dengue iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana na hujificha gizani: mvunguni, nyuma ya kabati, katikati ya nguo. Kwa hiyo nguo zikunjwe ziingie kabatini au sandukuni, na zisizovaliwa wapewe wanaozihitaji. Naona hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote chumbani, nayo haigharimu hata senti.

Halafu mvunguni. Godoro la sponji limejaa vijitundu vya hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Upande wa mwili uliolalia godoro unapata nafuu kidogo sana, na unyevu wa jasho huzama chini. Njia yake ya kutokea ni kupitia kwenye chaga. Ukijaza mvungu kwa mabegi, viroba na maboksi ya viatu, umeziba njia hiyo. Wazee waliolalia kitanda cha kamba walipata hewa kutoka chini bila kuitafuta.

Unyevu uliokwama godoroni humfaa utitiri wa vumbi, mdudu wa robo milimita hivi, anayekula ngozi iliyopukutika kutoka miilini mwetu. Hanywi maji, huyavuta kutoka hewani, na hewa ikikaa kavu muda mrefu hufa. Kinyesi chake ndicho huamsha pumu kwa wengi. Hewa ya pwani haikauki kiasi cha kummaliza, hivyo toa godoro juani, na shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Mvungu uwe mtupu, mfagio ufike hadi ukutani.

Kitanda kikae wapi? Saruji iliyopigwa na jua la alasiri huhifadhi joto na kulitoa saa kadhaa baadaye, hasa ukuta wa magharibi. Saa tatu usiku weka kiganja kwenye kila ukuta, utajua upi wa kuukimbia. Kabati nalo lisizibe dirisha. Na kumbuka hewa haiingii pasipo na pa kutokea: tundu juu ya mlango lililozibwa kwa boksi lifunguliwe. Feni haipoozi hewa, inapeperusha tabaka la joto na unyevu lililoganda juu ya ngozi, kwa hiyo ielekezwe kwa mlalaji, isikingwe na rundo la vitu.

Kuhusu mwanga nitasema kwa ufupi. Mwaka 2002 mtafiti David Berson na wenzake walionyesha kuwa nyuma ya jicho zipo seli zinazohisi mwanga zenyewe, hasa wa bluu, na kuujulisha ubongo kwamba ni mchana. Kioo cha simu hutoa mwanga huo, hivyo simu ichajiwe mbali na mto.

Kazi nazo hukesha. Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, alionyesha mwaka 2018 kwamba walioandika shughuli za kesho kabla ya kulala walisinzia mapema kwa dakika kama 9 kuliko walioandika walizokwisha kufanya. Cherehani au daftari la duka visipokuwa na chumba kingine, vifunikwe kitambaa, na ya kesho yaandikwe karatasini.

Kinabaki chandarua. Hupunguza upepo, ni kweli, na joto likizidi wengi hukitoa. Kisitolewe. Tafuta cha pembe nne kilicho kipana, kifunge juu, kisiguse mwili, kisha shusha feni ipulize kutoka ubavuni.