Bodi ya Ushauri: Jinsi Inavyosaidia Biashara za Wanafunzi

Wanafunzi wanapoanzisha mradi wa sabuni au kuku pamoja na akina mama wa kijijini, wanagusa riziki za watu. Baada ya miaka michache wanafunzi huhitimu na kuondoka, lakini kijiji hubaki na mradi, na pengine na madeni. Bodi ya ushauri husaidia kuziba pengo hilo.

Bodi hii ni nini?

Ni kundi dogo la watu wenye ujuzi, kama vile wafanyabiashara, wahasibu na maafisa wa kilimo, wanaojitolea kuwashauri wanafunzi. Haiajiri mtu wala haitii sahihi hundi. Wanafunzi ndio wanaoamua, na ndio wanaowajibika.

Mfano mmoja ni Enactus, shirika la wanafunzi lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1975 kwa jina Students in Free Enterprise na kubadilisha jina mwaka wa 2012. Lina timu katika vyuo vikuu vya Kenya. Timu huongozwa na wanafunzi, huwa na mhadhiri mlezi, na huweza kuunda bodi ya ushauri wa kibiashara. Katika mashindano ya kitaifa, miradi huwasilishwa mbele ya majaji kutoka sekta ya biashara. Ni heri maswali magumu yaulizwe na bodi mapema.

Hatua za kufanya kazi na bodi

1. Chagueni kulingana na upungufu wenu. Kama hamna anayejua hesabu, tafuteni mhasibu kabla ya kutafuta mtu mashuhuri.

2. Andikeni makubaliano. Yaeleze muda wa kuhudumu, idadi ya mikutano kila muhula na mipaka ya kazi ya bodi.

3. Tumeni taarifa kabla ya mkutano. Ukurasa mmoja unatosha: mapato, matumizi na tatizo mnalotaka ushauri.

4. Leteni hesabu halisi. Tuseme lita moja ya sabuni inagharimu shilingi 60 kutengeneza, nanyi mnaiuza kwa shilingi 80. Mnaona faida ya shilingi 20. Mwenye duka atauliza kuhusu chupa na usafiri. Chupa ikiwa shilingi 15 na usafiri shilingi 8, kila lita inawatia hasara ya shilingi 3.

5. Toeni majibu. Mkutano unaofuata uanze kwa kueleza ushauri mliofuata, ambao hamkufuata, na sababu. Wekeni kumbukumbu ili viongozi wapya wasianze upya.

Mkazi, una nafasi yako

Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti. Navyo pia vinaweza kutumia utaratibu huu. Si lazima uwe na shahada: fundi au mwenye duka aliyedumu sokoni ana mengi ya kufundisha. Vijana wa chuo kilicho karibu nawe wakikualika, wape saa chache kila muhula.