Warusi Wangapi Wanaunga Mkono Vita? Namna ya Kusoma Kura za Maoni

Mwanachuo mwenzangu, tuanze na namba. Februari 2022, muda mfupi kabla majeshi ya Urusi hayajaivamia Ukraine, asilimia 71 ya Warusi waliohojiwa na kituo cha Levada walisema wanaukubali utendaji wa Rais Putin. Mwezi uliofuata wakafika asilimia 83. Vijiweni hapo ndipo tunapogawanyika: wengine wanasema Warusi wote wako na rais wao, wengine wanasema namba zimepikwa. Pande zote mbili zina haraka.

Levada si ofisi ya serikali. Mwaka 2016 serikali yenyewe ilikipa kituo hicho jina la “wakala wa kigeni”. Basi tusimwangalie anayehesabu tu, tumwangalie na anayejibu. Machi 2022 Urusi ilipitisha sheria inayoweza kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa kueneza habari “za uongo” kuhusu jeshi. Mgeni akikugongea mlango akuulize kama unaliunga mkono jeshi, utamjibu nini? Mwingine hatafungua kabisa, na huyo haingii kwenye hesabu.

Watafiti wana mbinu ya kupunguza woga huo. Kundi moja hupewa orodha ya mambo kadhaa, kundi la pili orodha ileile pamoja na vita. Kila mtu hutaja idadi tu ya mambo anayoyaunga mkono, bila kusema yapi. Tofauti ya wastani wa makundi hayo ndiyo jibu. Mbinu hii ilipotumika Urusi mwaka 2022, uungaji mkono ulishuka kutoka kama asilimia 68 hadi karibu 53. Woga upo, kweli, lakini hata ukiuondoa, wanaounga mkono bado ni wengi.

Tena watu hubadilika vita vikibisha hodi nyumbani. Septemba 2022 Putin alipotangaza kuita askari wa akiba 300,000, kukubalika kwake kulishuka hadi asilimia 77. Oktoba, zaidi ya nusu ya waliohojiwa walitaka mazungumzo ya amani, ingawa wengi walisema pia wanaliunga mkono jeshi.

Kwa hiyo ukikutana na asilimia, iwe ya Moscow au ya dodoso lako mwenyewe ukiwa fildi, uliza matatu: aliulizwa nani, aliulizwaje, na jibu lingemgharimu nini?