Unapokarabati sakafu ya mbao, kumbuka mapafu

Nyumba nyingi za zamani mjini Nairobi zina sakafu ya mbao ngumu kama mvule. Miaka ikipita, sakafu hiyo hufifia na kujaa mikwaruzo. Ndipo mwenye nyumba anapomwita fundi aje na mashine ya msasa, au anapoamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe, hasa wageni wa Krismasi wakikaribia. Sebule inapigwa msasa na kupakwa vanishi, huku watoto wakilala chumba cha pili. Hapo ndipo taabu inapoanzia.

Tatizo la kwanza ni vumbi. Lile unaloliona sakafuni si baya sana. Baya ni lile jembamba lisiloonekana, ambalo huelea hewani hata baada ya mashine kuzimwa, na hupenya hadi ndani ya mapafu. Mvule una kemikali yake ya asili ambayo huwasha ngozi, macho na pua, na kwa watu wengine huleta pumu. Fundi anaweza kuupasua mvule miaka mingi bila shida, kisha siku moja akaanza kukohoa na kukoroma kifuani. Mwili wake umeanza kuukataa mti huo, na tangu hapo hata vumbi kidogo humtosha.

Mwaka wa 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mashimo yanayoizunguka. Usitishike. Ugonjwa huo huwapata zaidi wanaovuta vumbi kazini kwa miaka mingi, si mtu aliyekarabati sebule yake mara moja. Lakini fundi wako ni mmoja wa hao wa miaka mingi, na sioni kwa nini barakoa yake isihesabiwe katika bei mnayopatana.

Barakoa yenyewe iwe N95 inayobana uso vizuri. Leso, au ile nyepesi ya buluu tuliyovaa wakati wa Covid-19, haitoshi. Wako wanaoamini kwamba glasi ya maziwa jioni husafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Vumbi liko mapafuni. Usifagie kwa ufagio mkavu pia, kwani utalirusha tena hewani. Tumia mashine ya kufyonza vumbi, kisha kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa.

Vanishi nayo ina mambo yake. Mvuke wake na wa tapentaini huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na N95 haiuzuii hata kidogo. Ile inayouzwa kwa makopo mawili ya kuchanganywa huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazojulikana kusababisha pumu. Hiyo mwachie fundi mwenye vifaa kamili. Fungua madirisha ya pande zote mbili ili hewa ipite. Zima jiko, la makaa na la gesi, kwa sababu mvuke huo hushika moto. Vitambaa vilivyopanguziwa mafuta ya kitani visirundikwe pembeni, maana huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vianike nje kimoja kimoja hadi vikauke.

Mwenye pumu, mama mjamzito na mtoto anayetambaa wasilale humo mpaka harufu iishe kabisa, hata ikiwa ni siku kadhaa. Waende kwa shangazi. Mtu akianza kukohoa usiku, kubanwa kifua au kupumua kwa mlio, mtoe nje mara moja. Asipopata nafuu upesi, apelekwe hospitali.

Jambo la mwisho ni chupa za soda. Tapentaini ikiwekwa humo, mtoto ataidhania kinywaji. Akiinywa, usimtapishe na usimpe maziwa, kwa maana akitapika inaweza kuingia mapafuni na kuyaunguza. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, na ubebe lile kopo la dukani lenye maandishi ili daktari ajue alichokunywa.