Laptopu ya Bei Nafuu Busia na Malaba: Kagua Kwanza, Weka PIN Mwisho

Umeweka akiba kwa simu kidogo kidogo, mia mbili leo, mia tano kesho, mpaka imefika elfu thelathini. Sasa unataka laptopu. Labda wewe ni ajenti wa forodha Malaba unayejaza fomu za mizigo kwa mfumo wa KRA, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe, mwalimu, au mama wa duka Busia aliyechoka kuandika madeni kwa daftari.

Pesa hiyo ni jasho lako. Ukishabonyeza PIN na mashine ikafa wiki ijayo, kuirudisha si kazi rahisi. Ndiyo maana somo la leo linaanza na mashine na kumalizia na malipo. Ukienda dukani, fuata mpangilio huo huo.

1. Anza na kazi yako, si na bei

Kabla hujauliza "hii ni pesa ngapi?", jiulize utaifanyia nini. Kama ni kuandika barua, kupanga hesabu za duka, kuingia eCitizen na iTax, kusoma, na mikutano ya Zoom mara moja moja, hiki ndicho kipimo cha kutafuta:

- Prosesa: Intel Core i5 ya kizazi cha 8 kwenda juu
- RAM: GB 8
- Hifadhi: SSD ya GB 256

Ukienda chini ya hapo, utavumilia. Ukienda juu sana, utalipia nguvu ambayo hutaitumia. Anayehitaji zaidi ni yule wa kuhariri video au kuchora ramani za majengo.

2. Mpya ya bei ya chini, au ya mtumba?

Wengi hufikiri mpya ni bora daima. Kwa bajeti ndogo, si lazima. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi huja na prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ndogo ya eMMC ya GB 64. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa ya hiyo nafasi. Miezi michache tu, unaanza kufuta picha ili mashine ipumue.

Zile tunazoita ex-UK ni hadithi nyingine. Nyingi zilikuwa za maofisi ya ng'ambo. Kampuni hubadilisha mashine zake kila baada ya miaka michache, za zamani zinauzwa kwa jumla, na nyingine zinafika kwetu. Ndizo hizo HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na Dell Latitude unazoziona zimepangwa kwa meza. Zilijengwa kwa kazi ya kila siku, na fundi wa mtaani anazijua ndani nje. Ubaya wake: betri imechoka, waranti ya kiwanda imeisha, na hujui ilipitia mikono ya nani. Hayo yote yanaweza kukaguliwa.

Ukiona Chromebook ya bei ya kutupa, tulia. Kila Chromebook ina tarehe ambayo Google itaacha kuiletea masasisho. Mwambie muuzaji akufungulie mipangilio akuonyeshe tarehe hiyo. Kama imepita, achana nayo.

3. "Boss, hii ni i7!"

Hapa ndipo watu wengi huchomwa. Muuzaji anakuambia, "Boss, hii ni i7, ile nyingine ni i5 tu," na wewe unaongeza elfu tano. Lakini i7 ya zamani inaweza kushindwa na i5 ya juzi.

Angalia nambari inayofuata kistari. Kwa i5-8250U, tarakimu ya kwanza ni 8, basi ni kizazi cha 8. Kwa i7-4600U, ni kizazi cha 4. Hiyo i7 ina viini viwili tu vya kufanya kazi, wakati hiyo i5 ina vinne. Nambari ikianza na 10, 11 au 12, soma tarakimu mbili: i5-1135G7 ni kizazi cha 11.

Kwa nini tunasisitiza kizazi cha 8? Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Masasisho ndiyo huziba mianya ambayo wezi wa mtandao hupitia. Kama laptopu hiyo ndiyo utaingilia benki na KRA, hili si jambo la kupuuza.

Lakini usidanganyike na nembo. Kuna njia za kulazimisha Windows 11 ikae kwa mashine ya kizazi cha 6. Inawaka, inapendeza, lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuisasisha. Kwa hivyo angalia prosesa, usiangalie sura ya skrini.

Miongoni mwa mashine za kizazi cha 8 zinazopatikana sana ni ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 7490. Hata hizo, baadhi zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Jina la mashine halitoshi, soma nambari.

Na kama tayari una ya kizazi cha 6 nyumbani, usiitupe. Mfumo wa Linux Mint ni wa bure, na kwa kuandika na kutumia intaneti utakusaidia bado.

4. Ukaguzi wa dakika ishirini dukani

Usione haya. Muuzaji mzuri atakuachia ukague. Anayekuharakisha ati "kuna mtu anakuja kuichukua saa hii" anakuambia kitu bila kujua.

*Soma ndani yake.* Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager likifunguka, nenda sehemu ya Performance. Hapo utaona prosesa, kiasi cha RAM, na kama hifadhi ni SSD au HDD ya zamani. Ukiambiwa GB 8 na unaona 4, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

*Pima betri.* Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha bonyeza Enter. Itakuonyesha faili ilipohifadhiwa. Ifungue na utafute mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ikiwa mpya, na Full Charge Capacity, uwezo wake wa leo. Tuseme ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 31,000. Gawa 31,000 kwa 50,000: betri imebaki na asilimia 62. Ikiwa chini ya nusu, hesabu bei ya betri nyingine ndani ya bajeti yako. Kwetu stima hupotea bila kubisha hodi, na betri ndiyo itaokoa kazi yako.

*Tafuta kufuli iliyofichwa.* Zima, washa tena, na papo hapo bonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, au F1 kwa ThinkPad. Ikikuuliza nywila ambayo muuzaji hana, rudisha mezani. Pia mwambie airudishe Windows mwanzo kabisa, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya kazi, bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Leo itafanya kazi, kesho inaweza kufungwa.

*Gusa kila kitu.* Fungua ukurasa mtupu uandike herufi zote. Kibodi nyingine zilitoka Ujerumani na zimebadilishana Y na Z. Washa hotspot ya simu yako ujaribu Wi-Fi. Jaribu kamera, spika, na kila tundu la USB. Fungua na kufunga kifuniko usikie kama bawaba zinalia.

*Ondoa chaja.* Iache iwake kwa betri dakika kumi huku mkiongea bei. Ikizima ghafla, umepata jibu. Halafu hakikisha chaja unayopewa ni ya mashine hiyo na inachaji kweli.

5. Sasa tuongee malipo

Umeridhika? Sasa toa simu.

*Usitume pesa ya "kushikilia".* Picha kwa Facebook si laptopu. Mtu akikuambia tuma elfu tatu nikuwekee, na hujaiona kwa macho, hiyo elfu tatu ihesabu imeenda. Kama muuzaji yuko Nairobi au Kisumu, kubalianeni alete kwa ofisi ya mizigo ya basi, uikague hapo, ndipo ulipe. Akikataa, tafuta mwingine.

*Lipa kwa till ya duka.* Epuka kutuma kwa nambari ya mtu binafsi. Kwa till, pesa inaingia kwa jina la biashara, na kwa kawaida mteja hatozwi ada. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwa skrini. Kama duka linaitwa hivi na simu inaonyesha jina tofauti kabisa, simama uulize. "Till yetu ina shida, tuma kwa hii yangu" ni sababu ya kupunguza mwendo.

*Ujumbe wa malipo si risiti ya laptopu.* Ujumbe unaonyesha nani alilipwa, pesa ngapi, siku na saa. Hausemi ulinunua nini. Kwa hivyo dai risiti iliyoandikwa jina la mashine, nambari yake ya siri iliyo chini ya laptopu au ndani ya mipangilio, bei, na waranti ni ya siku ngapi na inahusu nini. Andika pia msimbo wa malipo kwa hiyo risiti. Ukiwa na hizo mbili pamoja, hakuna wa kukuambia "hiyo si ya kwetu." Na siku polisi wakiuliza laptopu ni ya nani, una jibu. Muuzaji asiyetaka kuandika nambari hiyo huenda hajui mali yake ilitoka wapi.

*Kurudisha malipo kuna mipaka.* Ukikosea nambari, ripoti mara moja. Kwa M-Pesa unatuma ule ujumbe kwa 456. Lakini hiyo ni ya kosa la kutuma. Si ya kujutia bidhaa. Ukilipa duka sahihi na laptopu ikawa mbovu, hilo ni lako na duka, na silaha yako ni ile risiti.

*Lipa polepole? Piga hesabu.* Tuseme laptopu ya 30,000 unapewa kwa deposit ya 9,000 na shilingi 100 kila siku kwa siku 365. Hiyo ni 9,000 + 36,500 = 45,500. Umelipa 15,500 zaidi. Mia moja kwa siku inaonekana ndogo, na ndiyo maana wanaitaja kwa siku. Kama mashine itakuingizia kazi kuanzia kesho, inaweza kufaa. Kama unaweza kusubiri miezi minne uweke akiba, subiri.

6. Na ile ya ng'ambo?

Kwa sisi wa mpakani, kuvuka kwenda kuuliza bei upande wa Uganda ni jambo la kawaida. Piga hesabu yote kabla. Tuseme unatajiwa 900,000 za Uganda, na siku hiyo shilingi 1 ya Kenya inabadilishwa kwa 27. Ni kama 33,300 zetu. Ukitozwa VAT ya asilimia 16 ukirudi, inapita 38,600, kabla ya tozo nyingine. "Rahisi" ya ng'ambo imeyeyuka.

Wengi wamezoea ule mpango rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Mpango huo ni wa bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya. Laptopu iliyotengenezwa China haiwi ya Uganda kwa sababu imeuzwa Uganda. Waulize maafisa wa forodha kwenye kituo cha pamoja kabla ya kununua, na usiipitishe njia ya panya. Kuokoa elfu tano na kupoteza mashine nzima si biashara.

Zaidi ya hapo, laptopu ikiharibika utavuka tena kuitafutia waranti, na pesa uliyotuma kwa mtandao wa nchi nyingine ni ngumu zaidi kufuatilia.

Kumbuka haya ukiwa njiani kwenda dukani

1. Soma kizazi cha prosesa, usisikilize "i7" peke yake.
2. RAM GB 8, SSD GB 256.
3. Pima betri, tafuta kufuli.
4. Lipa kwa till, soma jina kwanza.
5. Risiti yenye nambari ya mashine, mkononi, kabla hujatoka dukani.

Na lile la kila siku: hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia kukuuliza PIN, hata ukiwa na shida ya malipo. Anayeuliza ni mwizi. Kata simu, uendelee na shughuli zako.