Somo la Maswali: Kuulizwa Kila Saa Kama Umeridhika

Ndugu wanachama, somo letu la mara hii si la kuanika karafuu wala la kupalilia mikarafuu, walakini haliko mbali na shamba kama msomaji atakavyodhani. Siku hizi ni shida mtu kufanya shughuli na benki au kampuni bila ya simu yake kulia baada ya dakika chache, naye akaulizwa: Je, umeridhika? Tupe alama. Akimpelekea mwanawe fedha za skuli kwa simu, huulizwa. Akinunua tikiti, huulizwa. Akipiga simu kulalamika kwamba fedha hazikufika, huulizwa kama ameridhika na namna alivyosikilizwa, na fedha zenyewe bado hazijafika.

Mwanzo watu walijibu kwa furaha, kwani nani asiyependa kuulizwa rai yake? Sasa wengi hufuta ujumbe kabla ya kuusoma, na wengine hukasirika khasa. Hasira hiyo tusiidharau, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalomkhusu kila anayeuza mali yake kwa mizani ya mwingine.

Kupima maoni ya watu kwa ngazi kulianza zamani kidogo. Mwaka 1932 mtaalamu wa Kimarekani, Rensis Likert, alieleza njia ya kumsomea mtu maneno na kumtaka aseme yuko ngazi gani, tangu kukubali sana hata kukataa sana. Hiyo ilikuwa kazi ya wataalamu, na mtu wa kawaida aweza kuishi umri wake wote asiulizwe. Lakini mwezi wa Disemba 2003 Bwana Fred Reichheld alichapisha makala katika jarida la Harvard Business Review, akasema kwamba swali moja latosha: Waweza kumshauri rafiki yako aje kwetu kwa kadiri gani, tangu 0 hata 10? Wakubwa wa makampuni waliipenda njia hii mno, maana namba moja ni nyepesi kusomwa mkutanoni.

Hesabu yake ni hivi. Anayetoa 9 au 10 huandikwa msifu. Anayetoa 7 au 8 haandikwi upande wo wote. Anayetoa tangu 0 hata 6 huandikwa mpinzani. Kisha wapinzani hutolewa katika wasifu. Mathalan watu 100 wamejibu: 50 wametoa 9 au 10, 30 wametoa 7 au 8, na 20 wametoa 6 au chini yake. Toa 20 katika 50, zabaki 30, na hiyo ndiyo alama ya kampuni.

Sasa msomaji na atazame vizuri. Mzee wa kwetu aliyeridhika aweza kutoa 7 na akaona amesifu vya kutosha, kwani 10 ni ukamilifu, na ukamilifu si wa wanaadamu. Kwa hesabu ile mzee huyu ni kama hakusema neno. Mwenzake aliyetoa 6, alama ambayo mtoto akiileta nyumbani kutoka skuli hapigwi, ameandikwa mpinzani sawasawa na yule aliyetoa 0 kwa ghadhabu. Wala hakuna aliyewaeleza haya. Mtoaji ana maana yake na mpokeaji ana yake, kama watu wawili wanaofanya biashara kwa pishi zisizolingana.

Wafini walijaribu kurahisisha mambo. Mwaka 2009 ilianzishwa huko Ufini kampuni ya HappyOrNot, ambayo huweka madukani na katika viwanja vya ndege kibao chenye vifungo vinne vya nyuso, tangu uso unaocheka hata uso ulionuna. Mtu hubonyeza akipita, haulizwi jina. Kibao hicho huonyesha saa kifungo kilipobonyezwa, kwa hiyo nyuso zilizonuna zikizidi saa nne ya asubuhi, mkubwa aweza kwenda mwenyewe saa nne akatazame kuna nini. Hapo walau pana faida. (Watoto hupenda sana kubonyeza, lakini hilo ni jambo jingine.)

Jambo kubwa zaidi ni hili: nani hujibu? Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi kwa watu kiasi cha milioni 10 kuwauliza watamchagua nani kuwa rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na kwa hizo gazeti likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Siku ya kura Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa, na zamani hizo vitu hivyo havikuwa vya kila mtu. Tena waliojitaabisha kurudisha karatasi hawakuwa na rai moja na wale walioziacha mezani. Wingi wa majibu haukusaidia kitu.

Na wanaojibu wanazidi kupungua. Taasisi ya Pew Research Center ya Marekani, ilipokuwa ikipiga simu kuuliza maoni mwaka 1997, ilijibiwa na 36 katika kila 100. Mwaka 2018 walikuwa 6 tu. Huko Uingereza, mwezi wa Oktoba 2023 idara ya takwimu ya serikali ilisimamisha kutoa hesabu zake za watu wenye kazi na wasio na kazi zinazotokana na kuwauliza watu majumbani, kwa kuwa waliojibu walikuwa wachache mno. Sababu ni nyingi, na si haki kulitupia duka la viatu lawama zote. Lakini mtu aliyechoshwa na maswali hatofautishi swali la duka na swali la serikali, naye hufunga mlango kwa yote mawili.

Tumtazame pia yule kijana wa dirishani. Katika makampuni mengi alama hizi zimefungamanishwa na mshahara au bakhshishi yake. Mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, alieleza mwaka 1975 kwa upande wa mambo ya fedha jinsi kipimo kinavyoharibika pale kinapofanywa kuwa shabaha ya kufikiwa, na hayo ndiyo tunayoyaona. Kijana huacha kushughulika na foleni akashughulika na alama. Reichheld mwenyewe, pamoja na wenziwe, aliandika mwaka 2021 akilalamika kwamba wafanyakazi huwaambia wanunuzi kuwa watapoteza kazi wasipopewa 10, na wengine huahidi kitu cha bure. Mnunuzi mwenye huruma hutoa 10 ili kumsitiri maskini wa watu. Foleni imebaki pale pale, na huko juu imeandikwa kuwa watu wote wamefurahi. Katika mashamba yetu ya viungo wanapotembezwa wageni, mambo yameanza kuwa hayo hayo: mgeni hajapanda gari, mikono ingali inanukia mchaichai, tayari anaombwa nyota tano.

Haya na tuyalete kituoni. Tuchukulie mkulima ameleta gunia zake, zimepimwa, zimetiwa daraja ya pili naye alitarajia ya kwanza. Kisha yule yule aliyepima anamwuliza: Bwana, umeridhika na huduma yetu kwa kiasi gani? Atasema nini, naye kesho analeta gunia nyingine mbele ya mizani ile ile? Atasema ameridhika, ashukuru, aende zake. Jibu hilo ni la adabu na la tahadhari. Halina khabari yo yote ya mizani, na chama kikilikusanya mara elfu kitakuwa kimekusanya adabu elfu.

Kwa hiyo chama kikitaka kujua hali ya wanachama, rai yangu ni kwamba kiulize mara moja kwa msimu, baada ya malipo kwisha, na mwenye kuuliza asiwe mpimaji wala mlipaji. Tena kisiulize furaha, kiulize mambo yaliyotokea. Ulilipwa baada ya siku ngapi? Ulionyeshwa mizani kabla ya gunia kuwekwa? Ulielezwa kwa nini karafuu zako zimetiwa daraja ile, kwamba zina makonyo, au hazikukauka, au zimebadilika rangi kwa mvua? Maswali hayo hujibiwa kwa ndiyo, hapana, au hesabu ya siku, na mtu asiyejua kusoma aweza kuyajibu sawa na mwalimu. Wala si lazima kuwauliza watu wote. Ni bora kushika daftari la wanachama, kuchukua jina moja katika kila majina 20, na kuwafuata hao mpaka wajibu, kuliko kuwapelekea wote ujumbe na kujibiwa na wachache wenye nafasi au wenye hasira. Kisha majibu yabandikwe ukutani kituoni, pamoja na lile litakalobadilishwa na lile lisilowezekana na sababu yake. Ikiwa hakuna litakalobadilishwa, afadhali watu waachwe wakachume.

Kwa upande wa mwanachama anayeulizwa na makampuni, ajue kwamba halazimiki kujibu, na kunyamaza si utovu wa adabu. Akiwa na malalamiko ya kweli asiyatie katika nyota. Ayaandike katika barua, atie tarehe, uzito au kiasi cha fedha, na namba ya stakabadhi, abaki na nakala yake, na barua aipeleke kwa mkubwa wa yule aliyemhudumia. Na ujumbe wo wote unaojidai kuuliza maoni kisha ukataka namba ya siri, au ukamtaka abonyeze mahali apate zawadi, aufute pale pale, kwani huyo haulizi maoni, anatafuta fedha zake.