Kiungo kikishaungwa, mguu utakuwaje miaka ijayo?

SWALI: Daktari, nina miaka 52 na nauza mboga hapa Huruma, Eldoret. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimemlalia mwenzake, na nundu iliyotokeza ubavuni huniuma kutwa nzima. Nimeshauriwa nipasuliwe na kiungo kiunganishwe. Je, nitatembea vizuri? Nundu haitarudi?

JIBU: Pole sana, mama. Muulize daktari wa mifupa kwanza: ni kiungo kipi kitakachoungwa? Majibu yako yote yanategemea hilo.

Kimoja kiko katikati ya unyayo, unapoanzia mfupa mrefu wa kidole gumba. Upasuaji huo bado unaitwa kwa jina la Paul Lapidus, daktari wa New York aliyeueleza mwaka 1934. Kiungo hicho hucheza kidogo tu, kwa hiyo hutahisi umepoteza kitu, na kidole kitaendelea kukunjika. Nundu huwarudia baadhi ya watu, ila si wengi.

Cha pili ni kile chenye nundu yenyewe. Huungwa gegedu ikishalika au kidole kikipinda kupita kiasi. Hapo maumivu huwaisha wengi na nundu hurudi kwa nadra, lakini kidole hakitakunjika tena mahali pale, maisha yako yote. Kutembea utatembea, na kusimama gengeni utasimama. Viatu vya visigino virefu ndivyo vitakavyokushinda, na kupiga magoti huku umekunja vidole kutakuwa kugumu. Miaka ikipita, kiungo kidogo kilicho mbele yake huweza kupata yabisi kwa kubebeshwa kazi ya mwenzake.

Ninachokihofia zaidi kwako ni miezi ya kwanza. Mifupa huchukua wiki 6 hadi 12 kushikana, na kuna wachache ambao mifupa yao haishikani kabisa, hasa wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Ukirudi sokoni mapema kwa sababu ada ya shule inadaiwa, skrubu zinazoshikilia mifupa hiyo zinaweza kulegea. Tafuta mtu wa kukushikia genge kabla hujalazwa. Uvimbe nao huweza kukaa hata mwaka, usiogope.

Nenda kliniki ya mifupa ya Hospitali ya Rufaa ya Moi, hapo hapo mjini. Pima sukari, na omba eksirei ipigwe ukiwa umesimama, maana mguu uliolazwa huficha upindaji wake. Viatu unavyovaa kazini, nenda navyo.