SOMO LETU: KUKATA NENO MWISHO WA MSTARI



Hapa Kampala matangazo yetu huchapwa kwa kompyuta. Mashine ikifuata kanuni za Kiingereza, huweza kukata "mshahara" kuwa "ms-hahara", na "wafanyakazi" kuwa "wafan-yakazi". Msomaji hukwama papo hapo penye haki yake.

Kanuni yetu ni nyepesi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu: m-sha-ha-ra, wa-fa-nya-ka-zi. Sh, ch na ny hazitenganishwi.

Tena tujihadhari: "hatalipwa" likikatwa "hata-lipwa", silabi ni sahihi, lakini msomaji wa haraka huona "hata", kumbe ni kunyimwa. Basi maneno ya malipo yasikatwe kamwe. Tuzime ukataji wa mashine, tusome kwa sauti, ndipo tubandike.